Kumtafuta Babu Mtandaoni Ukiwa Kilimani

Ukimwuliza mkazi wa Kilimani, Nairobi, kwao ni wapi, hatakutajia Wood Avenue wala Yaya. Atasema Siaya, Murang'a, Kitui, Lamu, au hata Gujarat. Siku hizi sehemu ya njia ya kurudi huko hupitika kwa simu yenye bando, mradi ujue kilichomo mtandaoni na kisichomo.

Wengi hukimbilia cheti cha kuzaliwa cha babu, na mara nyingi hakipo. Usajili wa vizazi na vifo ulianza na Wazungu mwaka 1904, Waasia wakafuata 1906, na haukuenea nchi nzima kwa Waafrika hadi 1971. Hata tarehe ya kuzaliwa ya Jomo Kenyatta haijulikani. Kwa hiyo zungumza na wazee kwanza, na uwaulize maswali yanayozaa miaka. Babu alikuwa wa rika gani? Alitahiriwa pamoja na nani? Mama yake alizaliwa kabla au baada ya njaa ya Ngomanisye, ile iliyowaangamiza Wakamba wengi mwishoni mwa karne ya 19? Alibatizwa misheni ipi? Andika majina yake yote, ya utani yakiwemo, na jina la mwajiri wake pia.

Ukishayapata, fungua Gazeti Rasmi la Serikali, Kenya Gazette. Kwa maoni yangu hakuna hazina inayopuuzwa kama hii. Lilianza 1899, na matoleo mengi husomwa bure kwenye Google Books na tovuti ya Kenya Law. Watu hulijua kwa uteuzi wa wakubwa, kumbe limejaa pia watu wa kawaida: hati za ardhi zilizopotea, mabadiliko ya majina na, zaidi ya yote, matangazo ya mirathi. Tangazo la mirathi humtaja marehemu, mahali na siku alipofariki, na anayeomba kusimamia mali, mara nyingi pamoja na uhusiano wao: mjane, mwana, ndugu. Hutaja pia mahakama na namba ya kesi. Namba hiyo usiiache ipite. Ndani ya faili yenyewe, kwenye masjala ya mahakama, huwa mna orodha ya warithi na barua ya chifu inayowatambulisha. Huko ndiko hujitokeza mke wa pili ambaye nyumbani hatajwi.

Unapotafuta, weka jina ndani ya alama za kunukuu, kisha vuruga tahajia yake. Karani wa kikoloni aliandika alichosikia: Kariuki akawa Karioki, Mohamed akawa Mahomed.

FamilySearch, tovuti ya bure ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ina nasaba zilizosimuliwa na wazee wa Afrika na kurekodiwa. Shajara za ukoo zilizojazwa na watumiaji wenyewe zichukulie kama fununu tu. Kama babu alifanya kazi kwa setla, msake setla huyo kwenye hifadhidata ya Europeans in East Africa. Shamba likijulikana, wilaya nayo inajulikana.

Aliyefia vitani anaweza kuwa kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutunza makaburi yaliyo kando ya Ngong Road. Usipomwona mpagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, usidhani ukoo ulidanganya. Mwaka 2021 Tume ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Nyaraka nyingi bado ni karatasi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Faili za utawala zimepangwa kwa mikoa na wilaya za zamani, kwa hiyo mtu wa Murang'a aulizie Fort Hall, na wa Siaya aulizie Central Nyanza.

Matokeo ukiyaweka mtandaoni, kumbuka Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa au picha ya cheti cha mtu aliye hai isiwekwe hadharani kabla hujamwomba ruhusa, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja.