Kipigo Kimekoma, Hofu Imebaki: Kijitabu kwa Kaya za Bahi

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya aliyekwisha kutoka kwa mwenza aliyempiga. Mwanamke aliyerudi kwao Chipanga na watoto, au aliyepanga chumba Bahi Sokoni, au ambaye mwenzake amehama na kuoa kwingine. Kipigo kimekoma. Majirani wanamwambia amshukuru Mungu, sasa apumzike. Lakini usiku usingizi hauji, pikipiki ikisimama nje anatetemeka, na mtu akipaza sauti gulioni tumbo linamkata. Wanaokaa naye nyumba moja nao wasome, maana mara nyingi wao ndio wanaoona kwanza.

Si mambo ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 12 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Wanaume nao hupigwa na kudhalilishwa nyumbani, ila wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Yaliyomo humu yanawafaa pia.

Mwili haujapata habari

Mtu aliyeishi miaka na mwenza mkatili alijifunza kusoma hatari: mlio wa viatu, harufu ya pombe, namna mlango unavyofungwa. Kujifunza huko kulimwokoa. Shida ni kwamba hakuishi siku anapoondoka. Ni kama mbwa wa bomani aliyevamiwa na fisi: fisi keshakwenda zake, yeye bado anabwekea kila jani linalotikisika.

Hali hii inaitwa kiwewe. Huja kwa sura nyingi. Wapo wanaoota yaleyale kila usiku, au kuyaona mchana kweupe kana kwamba yanatokea sasa. Wapo wanaokwepa njia fulani, nyimbo fulani, hata ndugu wa upande ule. Wengine hawahisi chochote, wala furaha wala uchungu, na watoto wanaona mama yupo lakini hayupo. Wengine wanakuwa na hasira za ghafla. Na wengi huko vijijini hawasemi "nina huzuni". Husema kichwa kinagonga, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio. Wanapimwa malaria, wanapimwa presha, majibu yanarudi safi, wanapewa panadoli na kurudi nyumbani. Ikiwa hali kama hii imezidi mwezi mmoja na inazuia kazi, kulala au kulea, ni ugonjwa unaotibika.

Yanayosemwa nyumbani

Hapa kuna jambo ambalo vijitabu vingi hulikwepa. Kwa Wagogo mahari ni mifugo, na mifugo ile hugawanywa: upande wa baba hupata, upande wa mama hupata, wajomba nao. Binti anaporudi nyumbani amevimba uso, baadhi ya ng'ombe wale wamekwisha kutolewa mahari tena, wamemtafutia kaka yake mke. Ndipo linapokuja neno "vumilia, mwanangu, hata mimi na baba yako tulipitia." Halisemwi kwa ubaya kila mara. Lakini aliyelisikia mara tatu akajifunza kwamba maumivu yake yana hesabu za watu wengine, hatasema tena, hata miaka mitano baada ya kuachana.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema waziwazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Mahari haibadilishi hilo.

Wazee wakiita kikao cha usuluhishi, wajue kwamba kikao si tiba. Kumketisha mwanamke mbele ya aliyempiga, aulizwe kosa lake mbele ya mashemeji, huamsha upya yaleyale tunayotaka yatulie. Kama kuna mambo ya watoto au mali ya kuzungumza, wawakilishi wazungumze. Yeye si lazima awepo.

Tiba yenyewe ikoje

Watu wengi hudhani ushauri nasaha ni kupewa pole na kuambiwa usali. Pole inafaa, sala inafaa, lakini tiba ya kiwewe ni kazi yenye mpangilio.

Mfano mzuri uko jirani, Kivu, mashariki ya Kongo. Matokeo ya utafiti uliofanyika huko yalichapishwa 2013. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono, wengi wao wasiojua kusoma, walikutana kwa vikundi katika vijiji vyao. Aliyewaongoza hakuwa daktari wa akili, alikuwa msaidizi wa huko huko aliyesoma miaka kadhaa ya sekondari, akafundishwa na kusimamiwa. Kila mmoja alikuwa na kikao kimoja cha peke yake na vikao 11 vya kikundi. Vijiji vingine vilipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi kwenye vikundi walikuwa asilimia 9; kule kwingine asilimia 42. Kwa kiwewe chenyewe matokeo yalielekea hivyohivyo. Na hao waliishi mahali ambapo vita ilikuwa haijaisha. Sioni sababu ya mtu wa Kigwe au Mundemu kuambiwa kwamba tiba hii ni ya wasomi wa mjini.

Kinachofanyika katika vikao ni kuyakamata mawazo yaliyokwama na kuyahoji. Tuseme mama mmoja anaamini, "Nilipigwa kwa sababu sikunyamaza." Mshauri hambishii. Anamuuliza: siku ulizonyamaza, hukupigwa? Majirani zako wanaojibu waume zao, wote wanapigwa? Nani aliamua kunyanyua mkono? Wiki ijayo anarudi na jibu lake mwenyewe. Polepole lawama inahamia kwa aliyempiga. Baadaye huja mawazo mengine: siwezi kumwamini mtu yeyote, mimi ni mchafu, watoto wangu wameharibika. Vikao vya mwanzo vinaweza kuongeza ndoto mbaya kwa siku chache. Hilo linajulikana; mwambie mshauri, usikimbie.

Hulazimiki kusimulia yote siku ya kwanza. Utaulizwa kuhusu usingizi, chakula, usalama wako na wa watoto. Unayoyasema ni siri, isipokuwa maisha yako au ya mtoto yakiwa hatarini.

Pa kuanzia

Anza na zahanati ya kijiji chako, au mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii akusindikize. Sema wazi: "Nimewahi kuishi na mtu aliyekuwa ananipiga, na mpaka leo silali." Sentensi hiyo moja inakutoa kwenye foleni ya panadoli. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, na kazi yake ni pamoja na kukuunganisha na mshauri. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, hasa kama bado unafuatwa au kutishwa kwa simu. Namba ya simu ya msaada, 116, hupigwa bila malipo. Aliyebakwa asisubiri hata siku moja: dawa ya kuzuia VVU huanzishwa ndani ya saa 72.

Ukipewa rufaa kwenda Dodoma, huenda ukatajiwa Mirembe. Tunajua jina hilo linavyotumika huku kwetu kama tusi. Hospitali ile ilifunguliwa 1927 na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ina kliniki ambapo mtu huingia asubuhi, akazungumza na mtaalamu, akarudi Bahi kwa basi la jioni. Kwenda kule si kufungiwa.

Kuhusu vidonge: dawa za sonona zikiandikwa na daktari husaidia baadhi ya watu, na hazileti uteja. Vidonge vya usingizi kama diazepam ni jambo jingine. Havitibu kiwewe, na ukivizoea kuviacha ni taabu. Usivinunue duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Pombe nayo hivyohivyo.

Wewe unayekaa naye

Mgongee kabla ya kuingia. Usimshike kwa nyuma. Akianza kusema, usimuulize "kwa nini hukuondoka mapema." Kaa na watoto siku ya kikao. Akisema amechoka kuishi, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoa dawa za mifugo na za shambani, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na wewe uliye kwenye tiba: mshauri akiuliza "ulimfanya nini mpaka akakupiga," omba mwingine. Una haki hiyo.

Na mvua zikianza Desemba, wengi huacha vikao kwa sababu ya shamba la uwele au mpunga mbugani. Mweleze mshauri mapema. Vikao vinaweza kusogezwa siku ya gulio, au jioni, au vikasimama wiki mbili za kupanda kisha vikaendelea palepale mlipoishia.