MSHIPI WA KURAMBAZIA SAMONI NA TRAUTI

Wavuvi wa pwani yetu wajua kurambaza: chombo chaenda, na mshipi wafuata nyuma pamoja na chambo chake, mpaka nguru au jodari adake. Katika Ziwa Michigan, nchi ya Marekani, kazi ni ile ile, ila samaki ni samoni na trauti. Trauti wa ziwani ni mwenyeji wa maji hayo, samoni aliletwa. Mwaka 1966 serikali ya jimbo la Michigan ilitia samoni aina ya coho katika mito iingiayo ziwani, na mwaka 1967 aina ya chinook, wapate kula alewife, samaki wadogo waliokuwa wamezidi mno hata wakafa kwa wingi na kuoza ufuoni.

Swali la kwanza la mwanafunzi wa uvuvi huo ni hili: mshipi uwe wa nguvu gani? Mishipi ya nailoni huuzwa kwa kadiri ya uzito inaoweza kuuhimili kabla ya kukatika, nao huandikwa kwa ratli. Wengi hudhani ya kuwa mshipi mnene ndio salama. Sisi hatukubali. Mshipi mnene husukumwa na maji kuliko mwembamba, basi chambo hupanda juu. Tena huonekana upesi katika maji maangavu, na chambo chepesi hakichezi kama samaki aliye hai.

Lakini mwembamba nao una hatari yake. Chinook mkubwa aweza kupata ratli 20 na zaidi, naye akinaswa hukimbia mbio moja ndefu sana. Chombo chenye mishipi minne au mitano nyuma hakiwezi kusimama ghafula, kwani yote itasokotana. Ndipo mvuvi aliyejali wepesi tu hubaki na ufito mkononi na mshipi mtupu. Kwa hiyo twashauri ratli 20 kwa chinook, au 25 penye mishipi mingi. Kwa trauti wa kahawia, ambaye mwezi wa Aprili hukaa karibu na ufuo katika maji machache, ratli 10 zatosha.

Kizuizi cha kigurudumu cha mshipi ndicho kipuuzwacho mno, na hapo samaki wengi hupotea. Kilegezwe kiachie mshipi kwa robo ya nguvu zake, au theluthi: mshipi wa ratli 20 uanze kutoka kwa ratli 5 au 6. Pima kwa mizani ndogo, usikisie kwa mkono. Fundo nalo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, maana nailoni ikisuguana kavu hupata moto na kudhoofika.

Wakati wa joto samaki hushuka kufuata maji baridi. Wengine huwafuata kwa mshipi wenye risasi ndani, uliotiwa rangi nyingine kila yadi 10, ili mvuvi ahesabu rangi alizotoa. Kila rangi hushuka kadiri ya futi 5 chombo kikienda maili 2 kwa saa. Kikizidi mwendo, mshipi hupanda. Trauti wa ziwani hutaka mwendo wa polepole kuliko samoni.

Kabla ya kutoka, pitisha vidole katika yadi za mwisho za mshipi. Ukihisi mkwaruzo, kata kipande hicho ukafunge upya.