SOMO: KUTAFUTA NAMBA INAYOPITA ZOTE

Wanafunzi wenzetu,

Juma lililopita sisi wa kalasi ya mwisho tulitengeneza ukurasa wa mtandao kwa lugha ya JavaScript, kusudi ututafutie mwenye pointi nyingi katika jaribio la hesabu. Pointi zilikuwa 67, 9, 85 na 72 juu ya 100. Mashini ikasema: wa kwanza ni mwenye 9! Watu wakacheka, na ndugu yetu yule akainamisha kichwa. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. Kazi yenyewe iko rahisi. Shika namba ya kwanza. Pita kwa zingine moja moja. Ukikuta yenye kupita ile unayoshika, acha ya zamani, shika mpya. Itakayobaki mwishoni ndiyo kubwa:

let kubwa = pointi[0];
for (let n of pointi) {
  if (n > kubwa) kubwa = n;
}

2. Sasa 9 ilipita 85 namna gani? Kile tunachoandika ndani ya kisanduku cha ukurasa, mashini inakipokea kama maandishi, hapana kama namba. Na maandishi yanalinganishwa toka herufi ya kwanza, sawa vile maneno ya kamusi. 9 inapita 8, basi mambo yanaishia pale. Dawa: geuza kwanza kila andiko kuwa namba kwa Number(). Hata sort(), usipoipa kanuni, inapanga namba kama maneno.

3. Usianze na 0. Kama orodha ni ya madeni, -500, -300 na -900, kubwa ni -300. Lakini mwenye kuanza na 0 atabaki na 0, namba ambayo haiko hata katika orodha.

4. Njia fupi iko: Math.max(...pointi). Lakini orodha ikiwa tupu, inajibu -Infinity, ni kusema chini ya namba zote. Basi angalia kwanza kama kuna kitu ndani.

Tulisahihisha, 85 ikatokea, tukamwomba ndugu yetu msamaha mbele ya kalasi nzima. Mbele ya kutangaza jina la mtu, tuhakikishe kwanza kwa mkono.

Zoezi: 7, 30 na 100 zikisomwa kama maandishi, mashini itachagua gani? Mueleze sababu.