Mdogo wangu, usimfukuze mlinzi

Njoo ukae hapa karibu nami, na uache kukwepa macho yangu. Najua umezima spaningi trii, yule mlinzi anayezuia njia za mtandao kuwa duara, kwenye swichi zote za ofisini. Kila asubuhi watu wakiwasha kompyuta walikaa nusu dakika bila mtandao, bosi akakugombeza, nawe ukaona dawa ni kumfukuza anayewachelewesha. Sikucheki. Wengi tumepita njia hiyo. Lakini nisipokwambia mimi, atakwambia nani?

Ulipounganisha kebo ya pili kati ya swichi mbili ulikuwa na nia njema: moja ikikatika, nyingine ishike. Sawa kabisa. Ila ujue, fremu ya Etheneti haina siku ya kufa. Pakiti ya IP hubeba hesabu, kila ruta inaipunguza, ikifika sifuri inatupwa. Fremu haina hesabu hiyo. Ikitumwa kwa wote na njia ikawa ni duara, swichi zinainakili, inazunguka, inarudi, inanakiliwa tena na tena, mpaka mtandao mzima unakosa pumzi. Dhoruba hiyo haibishi hodi.

Mimi ilinikuta. Mtu wa usafi aliona ncha ya kebo inaning'inia chini ya meza, akaichomeka kwenye tundu la ukutani akidhani anasaidia. Kumbe ncha ya pili nayo ilikuwa ukutani. Jengo zima likanyamaza. Nilichomoa kebo moja moja huku machozi yakinilengalenga, na kilichoniuma zaidi ni kumsikia yule mtu akilaumiwa. Hakuwa na kosa. Aliyezima ulinzi ni mimi.

Mwaka 1985, Radia Perlman, akiwa kampuni ya DEC, alibuni jambo la busara sana, ndiyo hiyo spaningi trii: swichi zizungumze zenyewe, zichague moja iwe mzizi, kila moja ishike njia yake bora ya kuufikia, na njia ya ziada ilale ikisubiri zamu. Kwa hiyo kebo yako ya pili haikatazwi, mpenzi. Inawekwa akiba.

Sasa usikimbilie kuwasha na kwenda zako. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo kisichochaguliwa nahodha nacho hakifiki. Swichi kwa kawaida huja na kipaumbele cha 32768. Zikilingana, inashinda yenye anwani ndogo ya MAC, na mara nyingi hiyo ni ile kongwe uliyoisahau stoo, yenye vumbi. Ndiyo unataka ibebe ofisi nzima? Chagua mwenyewe. Swichi kubwa ya katikati ipe 4096, msaidizi wake 8192. Namba ndogo ndiyo inayoshinda, usije ukageuza.

Na ile nusu dakika iliyokuudhi? Ni sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla tundu halijafunguka. Hamia RSTP, toleo la haraka la spaningi trii lililotoka mwaka 2001, nayo hujipanga upya upesi zaidi. Kwenye matundu ya kompyuta na printa weka potifasti, yafunguke papo hapo. Lakini nakushika sikio: potifasti bila BPDU gadi ni mlango uliofungua ukaenda kulala. Gadi ndiyo hulifunga tundu pindi salamu za swichi zinapoingia pasipostahili. Ningekuwa nayo siku ile, lingefungwa tundu tu, wala mtu wa usafi asingelaumiwa.

Tena usiurefushe mti hovyo, swichi juu ya swichi juu ya swichi. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilikuwa na mtandao uliokua kupita kiasi ambacho spaningi trii ingeweza kubeba. Ukaanguka kwa siku kadhaa, madaktari na wauguzi wakarudi kwenye karatasi. Fikiria mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi futa uso. Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, chora ramani ya swichi zako, washa tena spaningi trii, hakiki mzizi ni upi, kisha chomoa kebo moja kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona ile ya pili imeamka na kushika, nenda nyumbani ukalale usingizi.