Gesi Chafu za Hewani na Seli Zinazolinda Mapafu

Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Pamoja na oksijeni, huingiza vumbi, vijidudu na gesi zitokazo kwenye magari, jenereta, viwanda na majiko. Makala hii inaeleza jinsi gesi hizo zinavyodhoofisha kinga ya mapafu, na kwa nini mgonjwa wa kifua aulizwe kuhusu hewa anayoivuta.

Walinzi wa vifuko vya hewa

Njia za hewa zina ute na vijinywele vinavyonasa uchafu na kuusukuma nje. Ndani kabisa, katika mamilioni ya vifuko ambamo oksijeni huingia kwenye damu, vijinywele hivyo havipo. Huko ulinzi hutegemea seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji. Seli hizi humeza bakteria na vumbi, huita seli nyingine zinapozidiwa, na hutuliza mapambano yanapokwisha ili mapafu yasidhurike.

Gesi zinavyodhuru

Dioksidi ya salfa huyeyuka upesi katika unyevu, hivyo sehemu kubwa huishia puani na kooni, ingawa yaweza kumbana kifua mgonjwa wa pumu. Ozoni na dioksidi ya nitrojeni haziyeyuki kwa urahisi, nazo hufika hadi kwenye vifuko. Huko huharibu mafuta na protini za majimaji yanayovifunika vifuko, pamoja na utando wa makrofaji.

Matokeo ni mawili. Kwanza, uwezo wa makrofaji kumeza na kuua bakteria hupungua. Pili, seli zilizodhurika hutoa kemikali zinazoita chembe nyeupe za damu kwa wingi, na njia za hewa huvimba. Ni sawa na mlinzi aliyeshindwa kumkamata mwizi, huku walioitwa kumsaidia wakivunja vyombo vya nyumba.

Maana yake kwa tiba

Madhara haya huonekana kama kikohozi cha mara kwa mara, nimonia au pumu iliyozidi. Watoto huathirika zaidi kwa kuwa mapafu yao bado yanakua. Mtoto aweza kupona kwa antibayotiki, kisha akarudi katika jiko lilelile lenye moshi na kuugua tena.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya aulize: Mnapikia nini, na wapi? Unafanyia kazi wapi? Kikohozi kikifikia wiki mbili, kifua kikuu kipimwe.

Nyumbani, pikieni nje au penye madirisha ya kupitisha hewa. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Msilale na jiko la mkaa ndani, kwani monoksidi ya kaboni haina harufu na huua. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Mgonjwa wa pumu asiache dawa zake.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha dioksidi ya nitrojeni linachopendekeza, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo. Hatua hiyo inatukumbusha kwamba hata uchafu mdogo wa hewa, ukivutwa kila siku, una madhara. Dawa hutibu ugonjwa uliokwisha kuingia. Hewa safi huwaacha walinzi wa mapafu wafanye kazi yao.