Siku ya Kwanza ya Kusikia

Katika somo hili twapenda kusema na wazazi, na walimu wa Shule ya Jumapili pia, juu ya mtoto kiziwi anayevikwa kifaa cha kusikia kwa mara ya kwanza. Siku hizi wengi wetu tumeona katika simu picha za watoto wa namna hiyo. Kifaa kinawashwa, mtoto anasikia sauti ya mama yake, anatabasamu, na wote waliomo chumbani wanafuta machozi. Picha hizo ni za kweli, lakini watu hupelekeana zile zinazopendeza tu. Basi mzazi aliyeziona huingia kwa mtaalamu akingoja tabasamu, na mwanawe anapolia na kukivuta kifaa kichwani, mzazi hufa moyo. Hudhani upasuaji umeharibika.

Yafaa kwanza tukijue kifaa chenyewe. Hatusemi juu ya kile cha zamani kinachotiwa sikioni ili kukuza sauti. Hiki kina sehemu mbili. Ya ndani huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na waya wake mwembamba huingizwa katika ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojipinda kama konokono. Ya nje huvaliwa: mtambo mdogo wenye maikrofoni nyuma ya sikio, na kidude cha mviringo kinachoshikamana na kichwa kwa sumaku. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, na umeme huamsha mshipa wa fahamu wa kusikia. Mgonjwa wa kwanza wa Profesa Graeme Clark, huko Melbourne, Australia, alipasuliwa mwaka 1978. Kwetu Tanzania wagonjwa walikuwa wakipelekwa India, mpaka Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kazi hiyo mwaka 2017.

Ule waya una vituo vya umeme 12 hata 22, hali sikio zima lina maelfu ya vinyweleo vya kupokea sauti. Kwa hiyo sauti inayofika si ile tuijuayo sisi. Watu wazima waliopoteza kusikia, kisha wakavikwa kifaa hiki, husema kwamba mwanzoni watu walikuwa wakiongea kama mashine.

Sasa tumfikirie mtoto wa miaka miwili. Mtoto asikiaye huanza kuisikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni. Huyu wetu hajasikia kitu tangu kuzaliwa. Ghafula kuna jambo kichwani mwake, naye hajui kama ni sauti, wala hajui kwamba limetoka katika kinywa cha mama. Wengine huganda, mchezo ukakoma. Wengine huacha kunyonya na kumkodolea mama macho. Wengine hulia sana. Kilio hicho mara nyingi ni habari njema, maana chaonyesha kwamba jambo limefika. Mtaalamu naye huanza chini, akaongeza kidogo kidogo kila mtoto anaporudi, na maneno huja baada ya miezi mingi ya kufundishwa.

Basi siku hiyo asipelekwe na ukoo mzima, na simu za kupigia picha zikae mifukoni. Yule kiziwi wa Dekapoli katika Marko 7, Bwana Yesu alimtenga kwanza na umati wa watu. Twaisoma habari hiyo mara nyingi, na neno hilo dogo twalipita.

Walimu, mtoto huyu atakapoletwa kanisani asikalishwe karibu na spika wala ngoma. Kelele zikimzidi, mtoeni nje kidogo. Na watoto wenzake waambieni mapema, kwa maana jambo la kwanza watakaloliona ni kile kidude cha kichwani, na sumaku inawavutia watoto kuliko mahubiri yetu. Watataka kukibandua. Msiwakemee; mwelezeni kila mmoja kwamba hicho ni sikio la mwenzao, nalo halivutwi.

Watawauliza pia kama huoga nacho. Jibu ni kwamba sehemu ya nje huvuliwa wakati wa kuoga na wakati wa kulala, na hapo mtoto ni kiziwi kama zamani. Betri zikiisha ni vivyo hivyo. Wazazi wengine huiacha lugha ya alama mara kifaa kinapowashwa, wakidhani kazi yake imekwisha. Tunawaomba wasifanye hivyo. Kifaa kikishawekwa mezani usiku, mama atamwagaje mwanawe kama si kwa mikono, kabla hajazima taa?