Kipimo cha Nguvu ya Damu

Kaskazini mwa mji wa Dar es Salaam, karibu na njia iendayo Bagamoyo, pana kilima kiitwacho Wazo. Mawe yake ni ya chokaa, nayo hapo kale yalikuwa matumbawe chini ya bahari. Tangu mwaka 1966 mawe hayo huchimbwa, husagwa na kuchomwa katika kiwanda, hata yakawa saruji. Na kwa saruji hiyo nyumba nyingi za mji zimejengwa. Kwa hiyo mafundi waashi si haba katika sehemu zile.

Tuseme kwamba mwashi mmoja wa Wazo, mtu wa miaka 53, alimpeleka mjukuu wake zahanati kwa sababu ya homa. Mwuguzi alipokwisha kumtazama mtoto, akamgeukia babu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Je, umepata kupimwa presha?"

"La, sijapata. Mimi mzima. Jana nimejenga tangu asubuhi hata magharibi, wala sikuona maumivu. Mgonjwa ni huyu mtoto."

"Ndiyo maana nauliza, mzee. Ugonjwa huu hauna desturi ya kubisha hodi."

Akamketisha kitini dakika 5 bila kusema neno. Kisha akamfunga mkono kwa kitambaa chenye mfuko wa mpira ndani yake, akapima. Namba ya juu ilikuwa 178, na ya chini 104. Akamwuliza, "Mzee, ukiona ufa katika ukuta, wafanyaje?"

"Huuziba mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Basi leo tumeuona ufa."

Mzee akanyamaza, maana hakuwa na la kujibu.

Namba hizo maana yake nini? Moyo ni kama bomba la kusukumia maji. Kila upigapo, husukuma damu katika mishipa, nayo damu hukaza kuta za mishipa hiyo. Mkazo huo ndio shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha. Namba ya juu ni mkazo wakati moyo unapopiga. Namba ya chini ni mkazo wakati moyo unapopumzika kabla ya pigo jingine. Kwa mtu mzima, namba zilizo karibu na 120 na 80 ni njema. Zikifika 140 na 90 au zaidi, tena zikawa hivyo kwa siku mbalimbali, mtu huyo ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Mkazo huo ukidumu miaka mingi, huharibu mishipa ya ubongo na kuleta kiharusi, huchosha moyo, huharibu mafigo na macho. Nayo hayo yote hutendeka kimya kimya. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012, kama mtu 1 katika kila watu 4 wenye umri wa miaka 25 hata 64 alionekana kuwa na shinikizo kubwa. Basi jambo hili si la watu wachache.

Watu walijifunzaje kuipima nguvu isiyoonekana? Wa kwanza kuipima alikuwa kasisi mmoja wa Uingereza, jina lake Stephen Hales. Alitia bomba la kioo katika mshipa wa farasi, akaiona damu ikipanda zaidi ya futi 8. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1733. Lakini njia hiyo haikuweza kutumiwa kwa wagonjwa, kwa kuwa mshipa ulipasuliwa, na bomba lilikuwa refu kupita kimo cha mtu.

Mwaka 1828 Mfaransa Poiseuille aliufupisha urefu ule kwa kutumia zebaki. Zebaki ni madini ya maji maji, nayo ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi. Kwa hiyo nguvu ipandishayo damu futi 8 hupandisha zebaki sentimita 20 tu, au pungufu kidogo. Ndiyo sababu hata leo shinikizo la damu huhesabiwa kwa milimita za zebaki.

Hata hivyo mshipa ulikuwa bado hupasuliwa. Mwaka 1896, katika mji wa Torino, nchi ya Italia, daktari Scipione Riva-Rocci alitumia vitu vya kawaida, na kimojawapo kilikuwa mpira wa ndani wa baiskeli. Aliufunga mpira katika mkono wa mgonjwa, akaujaza upepo mpaka damu ikazuiwa na mapigo ya kifundo cha mkono yakapotea chini ya vidole. Kisha akautoa upepo polepole, na mapigo yaliporudi akasoma zebaki. Hivyo akaipata namba ya juu pasipo kumwaga hata tone la damu. Lakini namba ya chini haikupatikana kwa vidole.

Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, aliweka chombo cha kusikilizia mapigo juu ya mshipa, chini kidogo ya mpira ule. Damu ilipozuiwa kabisa hakusikia kitu. Upepo ulipopungua, alisikia mlio wa kwanza, tu, tu, tu: hiyo ndiyo namba ya juu. Alipozidi kuupunguza, mlio ukatoweka: hiyo ndiyo namba ya chini. Njia hiyo hutumika hata leo. Vipimo vingi vya siku hizi vina umeme. Havisikilizi mlio, bali huhisi mtikisiko wa upepo ndani ya mpira, kisha huhesabu na kuonyesha namba. Na kwa kuwa zebaki ni sumu, mataifa mengi yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kupunguza vyombo vyenye zebaki, na vipimo hivi ni miongoni mwao.

Sasa tumrudie mwuguzi wa Wazo. Akitaka shauri la madaktari wa moyo walioko Muhimbili, hana haja ya kumtuma mtu na barua. Siku hizi habari huweza kusafiri kwa nuru, ndani ya nyuzi za kioo. Katika mwaka ule ule wa 1966 ambao kiwanda cha Wazo kilianza kazi, Charles Kao na mwenziwe George Hockham, huko Uingereza, waliandika kwamba kioo kikisafishwa sana kitaweza kuchukua habari mbali kwa nuru. Mwaka 2009 waya mkubwa wa nyuzi hizo, uitwao SEACOM, ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Na mwaka huo huo Kao akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini nyuzi hizo hazina budi kuunganishwa, na hapo ndipo penye kazi ya uangalifu. Katika nyuzi za masafa marefu, njia ya nuru ina upana wa kama sehemu 9 za milimita iliyogawanywa mara 1000, yaani ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Ndani ya kiungo, ncha mbili za kioo huelekezana sawasawa. Chembe moja ya vumbi ikikaa katikati, nuru huzuiwa, na habari hupotea au huharibika. Kwa hiyo fundi mwema hufunika ncha za kiungo kwa vifuniko vyake, tena huzipangusa na kuzikagua kwa hadubini kabla ya kuziunganisha. Wala hachungulii kwa jicho lake ndani ya uzi wenye nuru, maana nuru ile haionekani, nayo yaweza kudhuru jicho.

Tazameni jinsi vyombo hivi viwili vinavyofanana. Kiungo cha nuru kikiwa na vumbi hakipeleki habari vema. Na kipimo cha damu kikitumiwa kwa haraka husema uongo. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba hupanda bure. Mtu akipimwa akiwa ametoka kupanda kilima, au huku akizungumza, namba hupanda pia. Yafaa aketi na kupumzika dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini, na mkono umewekwa usawa wa moyo. Chombo hakina busara yake chenyewe. Busara ni ya mkono ukitumiao.

Na yule mwashi? Alirudi siku mbili nyingine, akapimwa tena, na namba zilikuwa bado juu. Akapewa dawa, akaambiwa kupunguza chumvi na kuacha tumbaku. Baada ya miezi michache namba zikashuka. Naye akasema, "Mwanangu, sasa nimepona, dawa nitaiacha."

Mwuguzi akamjibu, "Mzee, nguzo ikishika dari, je, utaiondoa kwa sababu dari haijaanguka?"

Mzee akacheka, akaitia dawa mfukoni. Tangu siku hiyo aliimeza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mwezi uliofuata akaja na mkewe ili naye apimwe.

Maswali

1. Namba ya juu na namba ya chini hutofautianaje?
2. Kwa nini zebaki ilifaa kuliko bomba refu la Hales?
3. Riva-Rocci alipata namba gani, na Korotkoff akaongeza nini?
4. Vumbi huleta hasara gani katika kiungo cha nuru?
5. Kwa nini mwashi hakupaswa kuacha dawa yake? Eleza kwa maneno yako mwenyewe, kisha uwaeleze wazee wa nyumbani kwenu.